Mashine ya kilomita 27, mkataba wa miaka miwili

Mwaka 2015 ilitoka makala moja ya kisayansi ya kurasa 33, na katika hizo 33, kurasa 24 ni majina ya watu na vyuo vyao tu. Waandishi 5,154. Ilikuwa ya majaribio mawili ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, yanaitwa ATLAS na CMS, waliunganisha data zao ili wapate uzito wa chembe ya Higgs, na fizikia yenyewe pamoja na marejeo ikaenea kwenye zile kurasa tisa zilizobaki. Majina hayakupangwa kwa kazi mtu aliyoifanya. Awe alibuni sumaku, awe alikesha kwenye chumba cha kuongozea mitambo, awe aliandika programu iliyosoma data yote ile, wewe msomaji huwezi kujua.

Mimi ni wa kundi hilo la mwisho, watu wa programu (kwenye ile ya 2015 simo, nilikuwa bado nasoma). Cheo kinaitwa posidoki, yaani PhD umemaliza, uhadhiri hujaupata, unaajiriwa kufanya utafiti kwa mkataba na mkataba wangu ni wa miaka miwili. Kwa sasa niko nyumbani Tanga, Ngamiani, nimeruhusiwa kufanya kazi kwa mbali kwa muda, na kwa vile hii kazi nimeshaieleza kwenye kila baraza ninalopita, nimeona bora niandike mara moja halafu watu niwe nawatumia linki.

Aliyeniuliza vizuri kuliko wote ni mjomba wangu, mstaafu wa mashamba ya mkonge, mtu wa hesabu. "Mama, hiyo mashine mnasema imechimbiwa chini ya ardhi, sawa. Sasa wewe kazi yako pale hasa ni ipi?" Nikamwambia mjomba, mimi ile mashine hata kuigusa sijawahi.

Mashine yenyewe inaitwa LHC, ni duara la kilomita 27 liko chini kama mita 100 na linapita mpaka wa Uswisi na Ufaransa jirani na Geneva. Ndani yake protoni zinazunguka kwa pande mbili tofauti kwa kasi inayokaribia ya mwanga, na kwenye sehemu nne zinagonganishwa, na hapo ndipo ziliposimikwa ditekta kubwa nne, yaani mitambo ya kunasa alama za chembe zinazoruka, ATLAS, CMS, ALICE na LHCb. Protoni zinakwenda kwa mafungu, na mafungu yanakutana mpaka mara milioni 40 kwa sekunde. Kwa sekunde jamani. Na kila yanapokutana kwenye ATLAS au CMS siku hizi inaweza kutokea migongano kama 60 kwa mpigo mmoja.

Hakuna diski ya kuhifadhi yote hayo, haipo, kwa hiyo lazima utupe. Hapa nikamkumbusha mjomba mnada wa samaki wa Deep Sea hapa Tanga, ngalawa zimefika, kelele nyingi, mchuuzi mwenye jicho anatazama kapu mara moja tu anajua hili nalichukua hili naliacha, hana muda wa kumgeuza samaki mmoja mmoja. Ndicho tunachofanya, isipokuwa samaki uliyemwacha pale Deep Sea atachukuliwa na mwenzio, sisi tukio tukiliacha limepotea moja kwa moja, halipo tena popote. Hiyo kazi ya kuchagua tunaiita triga. Hatua ya kwanza ni vifaa vya elektroniki, vinaamua ndani ya mikrosekunde chache na zile milioni 40 zinabaki kama laki moja. Hatua ya pili ni programu tupu, maelfu ya prosesa zimepangwa pale juu, zinapunguza laki moja mpaka elfu chache kwa sekunde, na hizo ndizo zinazoandikwa. Wenzetu wa LHCb ndio wamekwenda mbali zaidi, toka awamu iliyoanza 2022 ile hatua ya kwanza ya vifaa wameing'oa kabisa, data yote inaingia kwenye programu, terabaiti kama 4 kwa sekunde, na wanaoipokea ni mamia ya kadi za grafiki, hizi hizi vijana wanazozililia kwa ajili ya magemu.

Sasa tafakari. Kuna watu wanadhani programu inakuja baadaye, kwamba mashine inagundua halafu kompyuta inachora michoro. Hapana. Programu iko ndani ya ugunduzi wenyewe, ndiyo inayoamua dunia itaona nini na haitaona nini, na mtu anapokuja kufungua data keshokutwa anakuta vile vilivyopita kwenye chekeche la programu tu.

Kipande changu mimi ni traki, yaani njia za chembe. Ditekta haikuonyeshi chembe, inakupa vidoti, hapa kimepita kitu, pale kimepita kitu, maelfu kwa maelfu, na wewe uunganishe vidoti ujue ni kipi kimefuata kipi na njia imepinda kiasi gani kwenye sumaku, kwa sababu kupinda ndiko kunakokwambia chembe ilikuwa na nguvu kiasi gani. Vidoti vikiwa vichache ni mchezo. Vikiongezeka, idadi ya namna za kuviunganisha inapanda kwa kasi kuliko vidoti vyenyewe, na hapo kompyuta inaanza kuhema. Na vinakuja kuongezeka kweli, maana LHC inafanyiwa ukarabati mkubwa na inategemewa kuanza tena mwaka 2030 ikigonganisha protoni nyingi zaidi, zile 60 nilizosema kwa mpigo zinaweza kufika 200.

Mjomba akasema si mnunue kompyuta mpya. Jibu la zamani lilikuwa hilo, unasubiri miaka miwili kompyuta inakuwa na kasi zaidi na programu yako ile ile inakimbia bila wewe kuigusa. Lakini toka kama mwaka 2005 kasi ya kiini kimoja cha prosesa ilisimama, ukiisukuma zaidi inatoa joto lisilobebeka, ndio maana watengenezaji wakaanza kuongeza idadi ya viini badala ya kasi. Sasa programu iliyoandikwa kwa mtindo wa fanya hili, likiisha fanya lile, hata ukiipa viini mia inatumia kimoja. Mamilioni ya mistari ya programu, nyingi ziliandikwa kabla ya hapo, lazima zifumuliwe na kushonwa upya ziende kwenye viini vingi na kwenye kadi za grafiki, bila kubadilisha jibu la fizikia. Hilo la kutobadilisha jibu ndilo linalokula usingizi. Unaharakisha kitu mara tatu, unafurahi, halafu unakaa wiki kadhaa unathibitisha kwamba hujapoteza chembe yoyote njiani.

Watu wa nje nao waliitwa kusaidia. Mwaka 2018 kulikuwa na mashindano ya wazi kwenye Kaggle, mtandao wa mashindano ya data, yakiitwa TrackML, yeyote duniani aunganishe vidoti. Kabla yake, 2014, yalikuwepo ya Higgs, timu 1,785, na huko ndiko programu ya XGBoost, inayojifunza kubashiri kutokana na data, ilikopata umaarufu, leo watu wa data wanaitumia hata kwenye mambo ya mikopo ya benki na wengi wao hawajui kama jina lake lilipaa kwenye mashindano ya fizikia.

Sehemu nyingine kubwa ya kompyuta zetu inaliwa na kuigiza, yaani unatengeneza migongano ya uongo ndani ya kompyuta kwa mabilioni ili uwe na cha kulinganisha na ya kweli. Programu yenyewe ni Geant4, toleo lake la kwanza lilitoka mwishoni mwa 1998, na inajua protoni ikipita kwenye chuma, kwenye maji, kwenye silikoni inapoteza nishati kiasi gani na inatoa nini. Ndio hiyo hiyo inayotumiwa na watu wa tiba ya mionzi kukadiria dozi inavyoingia mwilini, na watu wa anga kuangalia mionzi itaharibu nini kwenye satelaiti. Kila nikimtajia mtu hapa matumizi ya hospitali naona uso unabadilika, aah, kumbe mnafanya kitu cha maana! Inaniudhi kidogo lakini nimezoea.

Na kwa wanaoniuliza hizo kompyuta ziko wapi: haziko sehemu moja. Ni kama vituo 170 kwenye nchi zaidi ya 40, vimeunganishwa vikafanya kazi kama mtambo mmoja, Afrika Kusini nao wamo. Mimi nikiwa hapa Ngamiani natuma kazi kutoka kwenye laptopu, sijui itaangukia Italia au Taiwan na wala hainihusu, umeme ukikatika huku kule inaendelea, ukirudi unaingia tena unakuta imeisha au imekufa. Ninachohitaji ni bando na uvumilivu. Mikutano ndiyo shida, yao ya saa tisa mchana kipindi cha kiangazi chao kwangu ni saa kumi jioni, na ndio saa ambayo jirani anafungulia spika za shughuli, nikifungua maiki wazungu wanauliza kuna harusi? Ndiyo, ipo.

Nirudi kwenye kilichonifanya niandike. Mjomba baada ya kusikia yote akauliza mkataba wangu wa muda gani, nikamwambia miaka miwili, ukibahatika wanaongeza mmoja. Akanyamaza akanywa kahawa yake, halafu akasema, "Yakhe, sasa ukiondoka, hiyo programu anabaki kuijua nani?"

Huyu ni mtu hajawahi kukaa mbele ya kompyuta, na amegusa kidonda ambacho mikutano mizima inakizunguka. Sisi watu wa Tanga tunajiita waja leo waondoka leo kwa majigambo, lakini kwenye hii kazi ndio utaratibu wenyewe wa ajira. Mtu anakuja, anakaa mwaka mzima anajifunza programu aliyoikuta, mwaka wa pili anaandika kitu kizuri sana, mkataba unaisha, anaenda nchi nyingine kufanya kitu kingine au anachukuliwa na kampuni. Programu inabaki. Anayekuja anaikuta haina maelezo, anaogopa kuigusa, anajenga pembeni yake. Miaka kumi hivyo hivyo, watu wanapishana mlangoni.

Historia ya CERN yenyewe ina mfano mzuri na sijui kwa nini watu hawausemi upande huu. Kila mtu anajua Tim Berners-Lee alibuni wavuti pale, pendekezo aliliandika 1989, bosi wake Mike Sendall akaandika juu yake kwamba halieleweki vizuri lakini linasisimua, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN wakaiachia dunia bure. Kinachosemwa kidogo ni kwamba alifika pale mara ya kwanza mwaka 1980 kama kibarua wa mkataba, miezi sita, na ndani ya miezi hiyo akaandika programu ya kuunganisha taarifa za watu na mitambo aliyoiita ENQUIRE. Mkataba ukaisha akaondoka. Programu aliiacha kwenye diski, na ile diski ikapotea. Alirudi 1984 ndipo wazo likakua tena. Watu wanaisimulia hii kama hadithi ya fikra kubwa, mimi naisoma kama hadithi ya mkataba. Asingerudi je?

Au chukua ROOT, programu ambayo karibu kila mtu wa fizikia ya chembe anaifungua kila siku na ndiyo inayobeba data zetu zote. Ilianzishwa katikati ya miaka ya tisini na René Brun na Fons Rademakers, wakati maabara yenyewe ilikuwa inaelekeza nguvu kwenye hifadhidata ya kibiashara ya kununua. Wao wakaenda kuijengea kwenye jaribio dogo la NA49, watu wakaipenda, ikasambaa toka chini, na ile ya kununua ikaja kuachwa. Brun aliweza kushikilia kwa sababu alikuwa mtu wa kudumu pale, alishatengeneza programu nyingine kubwa miaka ya nyuma na hakuna aliyeweza kumwambia mkataba wako unaisha Desemba. Posidoki angethubutu? Mimi nisingethubutu, naomba kazi nyingine kila baada ya muda mfupi na kamati inataka kuona makala, haitaki kusikia habari ya programu ambayo miaka mitano ijayo ndiyo itaonekana ilikuwa sahihi.

Na kuhusu kamati, maswali ni yale yale. Umechambua mchakato gani, umepima nini. Ukisema nimefanya traki ziende haraka bila kupoteza kitu, wanatikisa kichwa kwa heshima halafu wanauliza tena, ndiyo, lakini fizikia yako ni ipi? Kuna idara moja niliomba, sitaitaja, mmoja wao aliniambia kwa upole kabisa kwamba wasifu wangu ni mzuri ila ni wa fundi. Sina tatizo na ufundi, baba yangu alikuwa fundi. Tatizo ni kwamba fundi huyo huyo ndiye wanayemtegemea awape ile data, na hawataki kumpa kiti cha kudumu.

Haki nayo isemwe, mambo yanasogea. Uingereza toka 2012 kuna watu walijipa jina la wahandisi wa programu za utafiti wakaanza kudai ngazi yao ya ajira, wakapata vyama na vyuo vikaanza kuwaajiri. Marekani toka 2018 kuna taasisi ya IRIS-HEP inayolipiwa na fedha za serikali kwa ajili ya programu za awamu hii ijayo ya LHC. Kuna jarida toka 2016 linalochapisha programu yenyewe kama kazi ya kisayansi. Kwa maoni yangu vyote hivyo ni vizuri na havitoshi, maana vingi bado vinalipa kwa fedha za mradi, na mradi nao una tarehe ya mwisho. Ninachotaka mimi ni rahisi kusema na kigumu kulipia: kila programu kubwa iwe na angalau watu wawili wasio na tarehe ya kuondoka.

Sasa kuna kijana mmoja hapa nyumbani, mtoto wa kaka, yuko chuo anasoma IT, alikuwa anasikiliza pembeni. Kesho yake akaja, shikamoo shangazi, marahaba, nataka kuiona hiyo data. Na inaonekana kweli, CERN toka Novemba 2014 wana tovuti ya data huria, yeyote anashusha bila kuomba ruhusa. Kuna faili moja la CMS la mwaka 2012, migongano iliyotoa muoni (chembe kama elektroni ila nzito zaidi), matukio zaidi ya milioni 61 ndani ya GB 2 na kidogo. Tukasubiri bando la usiku tukalishusha. Laptopu yake ya kawaida tu, tukaweka lugha ya programu ya Python na maktaba yake inaitwa uproot, hii inasoma mafaili ya ROOT bila kulazimika kuweka ROOT yenyewe ambayo ingemmaliza bando, na kwangu uproot ni mojawapo ya vitu vilivyofungua mlango zaidi kuliko hotuba nyingi kuhusu Afrika na sayansi.

Kazi ni hii: chukua matukio yenye muoni mbili, moja chanya moja hasi, kokotoa uzito wa kitu ambacho kingeweza kuzizaa, chora. Hesabu yenyewe ni nishati na momenta, mtu wa fizikia ya kidato cha sita anaifuata. Nikamwambia weka mizani ya logi pande zote mbili. Mchoro ukatoka, mteremko mrefu na vilele vimesimama. Kwenye GeV 3.1 (GeV ni kipimo tunachopimia uzito wa chembe) kimoja chembamba, hicho ni J/psi, chembe iliyotangazwa Novemba 1974 na maabara mbili za Marekani kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na jina lake mpaka leo tunayataja yote mawili, na waliowaongoza walipata Nobeli 1976. Karibu na 9.5 kundi la vilele vya chembe za upsilon. Halafu mbali kule kulia, kwenye 91, kilele kipana cha chembe ya Z, ambacho kwa mara ya kwanza kilionekana hapo hapo CERN mwaka 1983 kwa mashine na jeshi la watu. Kijana amekitoa Ngamiani kwa mistari isiyojaza ukurasa.

Lakini kilichonifurahisha ni swali lake. Akaangalia upande wa kushoto, akasema shangazi hapa umbo la huu mteremko mbona limevimba vimba na kukatika, ni asili au ni nini? Nikamwambia hapo unaiona triga. Muoni dhaifu mno haziruhusiwi kupita, kwa hiyo umbo la upande huo limechongwa na masharti ya watu waliokaa wakaamua nguvu gani ipite. Akauliza masharti hayo yameandikwa wapi. Nikamwonyesha orodha ya triga kwenye tovuti ile ile, kwenye ukurasa wa data asilia faili lilikotolewa, majina marefu yasiyosomeka, na akakaa nayo mpaka saa nane usiku akijaribu kujua ipi inaruhusu nini. Hiyo ndiyo kazi yangu, ndivyo nilivyomwambia, siku nyingi ni hivyo tu, unasoma maamuzi ya mtu aliyeondoka.

Ameshaanza kuniuliza afanye nini aingie huku. Njia zipo, kuna shule ya fizikia ya Afrika inayozunguka nchi toka 2010, ilianzia Afrika Kusini, ikaenda Ghana, Senegali, Rwanda, Namibia, inachukua vijana wa bara zima na mambo ya kompyuta wanafundishwa. Kuna nafasi za kiangazi za CERN. Programu zetu ziko wazi, anaweza kuanza kurekebisha maelezo hata kesho. Viza ni habari nyingine na nitaiandikia makala yake nikipoa. Nikamwambia aanze na C++, lugha ambayo programu zetu nyingi zimeandikwa, na asiikimbie, Python itamfikisha mlangoni tu. Akauliza hiyo C++ ina hela? Nikamwambia ukiijua vizuri benki na kampuni za simu watakulipa haraka kuliko watakavyonilipa mimi, na mkataba watakupa wa kudumu. Akaandika "C++" kwenye daftari, akapiga mstari chini yake mara mbili, halafu akaniomba hotspoti.